Kisoda Kimoja cha Marejeo kwa Kila Shimo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii; Mkuu wa Shule, Mwalimu Sabina Kalinga; Baba Paroko; Mchungaji; Shekhe Muhidini; Bi Mwanakhamisi, mkaguzi kutoka kwa wafadhili wetu, ambaye nimearifiwa dakika hii hii kwamba yupo; wenyeviti wa vitongoji mliopo madarakani, mliostaafu na mnaotarajia; mwenye turubai hili; mwenye viti hivi; walimu, wazazi, wanafunzi, na mimi mwenyewe, Clement Eliezeri, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Mradi wa Taja Chanzo Nyanda za Juu Kusini, kwa kifupi MTACHANJUKU: kamwene. (Umati: kamwene.) Sijasikia. Kamwene. (Umati: kamwene. Mtoto mchanga anaanza kulia.)

Itifaki imezingatiwa.

Ndugu zangu wa Nyololo na vitongoji vyake, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wachache wa ngazi yangu wanao, ili kufunga rasmi mradi uliotekelezwa kwa awamu zote, kwa viwango vyote, na kwa kuwashirikisha stekihoda, yaani wadau, wote wa ngazi zote, mradi uliokusudia kumkomboa mwanafunzi wa sekondari kutoka katika lile janga la kuchukua maneno ya mwenzake, kuyaandika kana kwamba ni ya kwake, na kutotaja ameyatoa wapi. (Makofi. Walimu ndio wanaoanza.) Nataka mjue kwamba wazo hili lilinijia mimi binafsi, usingizini, wala sikulitoa kwa mtu. (Makofi machache.)

Nataka pia tukariri kaulimbiu yetu kabla hatujaendelea. Mimi nikisema maneno bila chanzo, ninyi mseme ni wizi. Maneno bila chanzo? (Wanafunzi: ni wizi.) Mbele za Mungu na mbele za Serikali, maneno bila chanzo? (Wanafunzi, kwa nguvu: ni wizi.) Vizuri sana. Mmeiva.

Kwa upande wa deta, mradi umewafikia wanafunzi elfu kumi na mbili, mia nne na themanini, kuanzia Chimala mpaka Ipogolo, sawa na asilimia mia moja na nne ya wanafunzi wote waliopo. (Mwalimu wa hisabati anavua miwani.) Asilimia nne za ziada ni ari ya wananchi. Katika shule hii tunamosimama, kila mwanafunzi amepata mafunzo ya kutaja chanzo, kwa nadharia na kwa vitendo, na chai ilinywewa. (Wanafunzi wanatazamana.)

Ndiyo maana jambo ninaloliendea sasa linanitia uchungu. Yupo hapa binti wa kidato cha sita, Frida. Simama, Frida, wakuone. (Frida anasimama. Amevaa sweta la shule, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.) Binti huyu, baada ya fedha zote zile, ametoa aya mbili kwenye simu, akazitia katika insha yake ya historia, na hakusema kazitoa wapi. Kanuni za mradi, nilizozitunga mimi, ziko wazi: aliyepata mafunzo kisha akanakili, afukuzwe shule; ambaye hakupata, afundishwe. Mama yake, Mama Bertha, yuko mstari wa mbele, na naona tranka la binti limeshafungwa, jambo ambalo ni ushirikiano mzuri. Mtihani wa taifa uko mlangoni, najua. Lakini sheria ni msumeno, na kabla sijaketi nitaitia saini barua ya kumfukuza. (Mama Bertha anaweka mkono juu ya tranka.)

Sasa niingie kwenye utaalamu, ili asiwepo wa kusema hakuelimishwa. (Anafungua karatasi, anasoma.) Ndugu wananchi, marejeo ndiyo uti wa mgongo wa insha yenye tija. Marejeo yapo ya aina mbili: marejeo ya kupandia na marejeo ya kukuzia. Marejeo ya kupandia yawekwe siku ile ile ya kupanda insha, kisoda kimoja, yaani kizibo cha chupa ya soda, kwa kila shimo, kisha fukia kwa udongo kidogo, kwa sababu marejeo yakigusana na mbegu yataunguza insha. (Mzazi mmoja anakohoa.) Insha ikifika magotini, palilia, subiri mvua, ndipo uweke marejeo ya kukuzia. Ukiona insha yako ina majani ya njano, ujue imekosa marejeo. Nawaonya wafanyabiashara wachache wasio waaminifu wanaochanganya marejeo na chumvi, na wale wanaovusha marejeo ya ruzuku kwenda nchi jirani usiku. (Kicheko nyuma ya turubai.) Mkizingatia haya, na mkidhibiti viwavijeshi mapema, kila ekari itawapa magunia thelathini ya insha, na ziada mtauza.

(Mzee Hamza, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Chimala, ambaye mwanawe anasoma hapa, ananyoosha mkono na kusimama bila kuruhusiwa: "Samahani mheshimiwa. Hii mbona tulishaisikia kwetu Chimala mwaka jana, wewe mwenyewe ukiisoma. Ilikuwa ya mbolea.")

Napokea mchango wa mzee wangu. Huo ni mfanano wa kitaalamu.

(Mama Bertha, bila kusimama: "Na hiyo mbolea yenyewe haikufika." Kicheko kikubwa. Mchungaji anatazama chini.)

Mama yangu, tusichanganye sekta. Kijana wangu wa ofisini nilimwagiza aandae hotuba kwa kutumia iliyopo, abadilishe panapohusika tu. Ni taratibu za kawaida za kiofisi, za kubana matumizi, wala si kitu cha… (Wanafunzi, wote kwa pamoja: maneno bila chanzo ni wizi.) Tulieni. Kaulimbiu hiyo haijafikia ngazi ya viongozi, bado iko kwenye mchakato.

Turudi kwa mtuhumiwa. Frida, mwanangu, waambie watu hawa ulifundishwa nini kwenye mafunzo yetu.

(Frida: "Sikufundishwa, mheshimiwa. Hakuna aliyekuja. Ningejua ningeandika nimetoa wapi, sikuwa naficha." Mwalimu Sabina anasimama na kusema hayo ni kweli, kwamba walisubiri wakufunzi mpaka ugali ukapoa. Bi Mwanakhamisi anatoa kalamu na kuuliza, kwa upole kabisa, mafunzo ya shule hii yalifanyika wapi na nani aliyafundisha.)

Swali zuri. Swali zuri sana. Naomba maji. (Anapewa maji. Anakunywa yote.)

Kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wakufunzi wetu mahiri, ambao wangefika hapa kama wangekuwa wameteuliwa. Navishukuru vitabu vya mwongozo, ambavyo ubora wake ungeonekana baada ya kuchapwa. Nawashukuru wanafunzi elfu kumi na mbili na ushei kwa usikivu ambao wangeuonyesha. Namshukuru Frida, ambaye kwa mujibu wa kanuni zangu mwenyewe hawezi kufukuzwa, maana mradi ambao haukuanza hauna aliyeuvunja, na anarudi darasani leo hii. (Vigelegele. Barua inakunjwa.) Na namshukuru Bi Mwanakhamisi, ambaye naomba tuonane faragha. MTACHANJUKU hoyee. (Mtoto mchanga anaanza tena kulia.) Asanteni kwa kunisikiliza, na mvua za kwanza zikinyesha msichelewe. Samahani, hiyo ni ya kule.

(Mwalimu Sabina anamwomba Frida atoe neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Frida anatoa mikono kwenye sweta: "Tunamshukuru mheshimiwa Clement Eliezeri kwa hotuba yake kuhusu mbolea, aliyoitoa kwanza Chimala, mwaka jana." Mwalimu Sabina anasema hivyo ndivyo chanzo kinavyotajwa. Mama Bertha anashika tranka upande mmoja, binti yake upande wa pili, wanalirudisha bwenini.)