Jungu la Shemeji Gherasim Juu ya Jiko la Gesi

Jumatatu, 16 Septemba

Mke wangu Aglaia kaondoka asubuhi kwenda Vaslui, kumsaidia dada yake kuvuna zabibu. Kaniachia mkate, jibini na onyo: nisiguse jiko la gesi. Onyo la bure. Naliogopa jiko lile kuliko ninavyomwogopa mama yake. Likiwashwa hufoka, na moyo wangu hujibu.

Lakini jana niliona jambo. Bibi Veturia wa mlango wa pili alituletea chupa ya zakuska, biringani na pilipili hoho zilizochomwa zikapikwa hadi zikawa rojo zito la kupaka kwenye mkate majira ya baridi. Aglaia alionja, akafumba macho. Miaka yote ya ndoa yetu, mbele yangu hufumba macho akitaka kulala tu.

Basi leo nimetangaza ngazini, mbele ya Veturia mwenyewe, kwamba mwaka huu zakuska ya nyumba yetu naipika mimi. Kasema Mungu anisaidie. Sauti yake sikuipenda.

Jumanne, 17 Septemba

Sufuria zetu ndogo mno. Ushindi haupikwi kwenye sufuria ya maziwa. Nimekwenda kijijini kwa shemeji Gherasim nikaazima jungu lake la chuma, lile wanaloyeyushia mafuta ya nguruwe kila Krismasi. Kitako cha mviringo, mdomo mpana kama beseni la kufulia. Shemeji kanieleza kuwa ni la uani, la moto wa kuni, kisha kaniuliza tena na tena kama nitaliingiza ndani. Nikamwambia wazimu huo sina.

Kulipandisha ngazi, mgongo umelia. Veturia kafungua mlango akauliza kama nimenunua bafu.

Jumatano, 18 Septemba

Jaribio. Nilifungua gesi kwanza, ndipo nikatafuta kiberiti. Kilikuwa kwenye koti. Koti lilikuwa chumbani. Niliporudi na kuwasha, moto uliruka ukanibusu usoni. Nyusi ya kushoto haipo. Nilikaa chini ya meza hadi harufu ya nywele zilizoungua ilipoisha.

Baadaye nikachoma biringani kwenye kikaango kidogo cha mpini wa plastiki, juu ya kichomeo kikubwa kuliko vyote. Moto ulipita pembeni ukapanda juu, mpini ukainama kama mshumaa. Biringani zina ladha ya ndoo. Nitaongeza vitunguu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimepata ujanja! Jungu linakalia vichomeo viwili kwa pamoja, na nimelikinga kwa matofali lisiyumbe. Madirisha yote nimeyafunga, Veturia asije akanusa siri ya viungo vyangu.

Adhuhuri. Moto umegeuka wa njano. Unapendeza kuliko ule wa buluu. Swichi za jiko zimelainika kidogo. Masizi ukutani. Kichwa kinagonga, ni woga tu, nadhani. Miguu kama tambara bichi. Nakaa sakafuni kido

Ijumaa, 20 Septemba

Hospitalini. Niko hai, na sina sifa yoyote katika hilo.

Veturia alisikia harufu ya hoho zinazoungua. Kabisha, kimya. Bahati njema mlango sikuutia ufunguo. Kafunga gesi palepale kwenye mtungi, kafungua madirisha, kanikamata kwapani na kuniburura hadi ngazini. Namkumbuka akiniita kutoka mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, nami nataka kuitika lakini mdomo siuoni. Nyusi ilipoungua niliogopa. Hapo nilijua kuogopa ni nini.

Leo kaja na supu. Nikamwambia labda ningezinduka mwenyewe.

"Usingezinduka, Bwana Pompiliu," kasema. "Moto wa njano ni moto uliokosa hewa. Jungu lako liliufunika, ukatoa sumu isiyo na harufu. Aglaia angekuja kukuta maiti."

Kisha kanifundisha huku ananilisha. Chombo kiwe na kitako bapa, kisikizidi mno kichomeo chake, wala kisiwe kidogo hadi moto ukapanda ubavuni. Kiberiti kiwake kabla ya gesi. Dirisha liwe wazi. Nimeitikia kila neno. Nimelia pia, nikasingizia vitunguu vya supu.

Jumapili, 22 Septemba

Aglaia karudi. Mimi niliruhusiwa jana, na tangu hapo nilikuwa natunga uongo, lakini Veturia alimwahi mlangoni. Nikajiandaa kwa kelele. Hakuna kelele. Kaliangalia jiko, kazigusa swichi zilizoyeyuka, kaja kukaa kando yangu. Kashika mkono wa shati langu, hakuuachia hadi chai ikapoa.

"Zakuska ya nini, mume wangu?" kasema. "Mimi nakutaka unapumua."

Nikaapa mbele ya picha ya mtakatifu iliyotoka kwa mama yake: gesi sitaigusa tena maishani mwangu.

Jumatatu, 23 Septemba

Kiapo nakishika. Mimi si mtu wa kuvunja kiapo.

Ila Veturia kaanza kupika jamu ya plamu, na majirani wote wanamsifu. Kukaa kimya ni kukubali. Nimempigia simu shemeji Gherasim. Ana jiko la mkaa, dogo, linalobebeka. Litaenea vizuri bafuni kwetu, ambako hakuna dirisha, kwa hiyo joto halitapotea. Kesho Aglaia anakwenda sokoni.

Safari hii sina hata chembe ya woga. Mkaa hauna gesi.