Umande wa Kitalu Namba Saba

Jumatatu, 5 Agosti

Venant mtafiti kaja tena Buswelu. Kakumbusha amri yake: fiwi za malisho, hizi kunde za ng'ombe, zisipewe hata tone la maji. Anatafuta mbegu yenye vinasaba vya kuvumilia ukame. Vinasaba, kasema, ni urithi uliomo ndani ya mbegu. Nikamwambia hata mimi nimerithi pua ya baba, lakini maji nakunywa.

Kitalu changu namba saba. Cha jirani Suzana namba nane, mbegu tofauti. Kitalu kitakachostahimili ukame kuliko vingine, mwenyewe anapewa gunia la mbegu yake. Ng'ombe wangu ni huyo mmoja, na mbavu zake zinahesabika. Gunia ni langu!

Jumatano, 7 Agosti

Namba saba imelala chali. Ya Suzana imesimama kama bibi harusi. Roho imeniuma. Hata mwizi akiomba maji anapewa! Alfajiri nimebeba ndoo nne. Nitabeba kila siku.

Jumamosi, 17 Agosti

Venant kachomeka kifaa chake ardhini. Unyevu! Kaniuliza, bibi, maji haya yametoka wapi? Nikasema umande wa ziwa. Akaandika. Msomi mzima! Mimi darasa sijaliona hata dirisha lake, herufi nimefundishwa kanisani, ila umande wa ndoo nne naujua.

Suzana, mdomo huo, akauliza umande gani unavaa kandambili. Nikamwambia mkubwa husalimiwa kwanza. Akasema shikamoo. Marahaba, nyamaza.

Jumanne, 27 Agosti

Nimeshinda! Namba saba ni mbegu ya ajabu, kasema Venant. Nimepigwa picha na gunia. Namba nane imeandikwa ya kawaida, eti ncha zimekauka. Suzana kaondoka na mbegu zake kwenye kopo. Huruma ikanishika, nikampelekea michembe, viazi vyangu vya kukausha.

Alhamisi, 29 Agosti

Jana mvua moja imepotea njia, ikatuangukia. Nimepanda shamba zima. Suzana naye kapanda nusu ya kopo lake. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua haikurudi. Shamba zima limelala chali. La Suzana ni kijani mpaka uzioni. Ng'ombe wangu kavunja uzio, kala huko. Suzana hakumfukuza. Kasema kwa sauti, mtaa usikie, kwamba huyu ndiye mtafiti. Kisha kaniletea mbegu zake zilizobaki, nusu kopo, bure.

Nimekataa. Mwenye mbegu ya ajabu aombe ya kawaida? Tatizo ni ndoo tu, magoti yamegoma. Kesho naenda Nyakato kununua mpira wa maji, mita mia. Umande lazima ufike shamba zima.