Mpango wa Kurejesha Pole

Kamati ya Wasifu na Misimamo ya Mheshimiwa Pastory Luhende, Mbunge Mstaafu, ina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Mheshimiwa amerejea. Hakuwa amepotea, kama wanavyosema wasiojua mambo. Alikuwa Dar es Salaam kwa miaka kumi akitafakari, na sasa amemaliza.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Naitwa Felisiani, na muhuri unakaa kwangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu Bunda kuna watu wanaeneza kwamba muhuri unakaa kwa Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kasmiri. Mwalimu Kasmiri anatunza wino tu.

Jimbo letu sitalitaja kwa sababu za kiitifaki. Inatosha kusema linaanzia Musoma ziwani, linapita Bugwema, linaingia Butiama hadi machimbo ya Buhemba, kisha linachungulia Bunda. Ukilitazama kwenye ramani utadhani aliyelichora alipigwa kikumbo. Mheshimiwa alikuwa mbunge wetu tangu 2010 hadi 2015, wananchi walipomnyima kura katika tukio ambalo nyaraka zetu zinaliita kutoelewana. Mwaka huu wa 2025 anautaka ubunge tena, lakini kwanza lazima apitishwe na wajumbe wa chama, mia tatu na nne, mimi na Mwalimu Kasmiri tukiwamo, watakaopiga kura ya maoni Jumatatu kati yake na mpinzani mmoja tu. Wakimkataa, habari imeisha. Mimi nami sitakuwa Katibu wa Mbunge, cheo nilichokwisha kuahidiwa na nilichokwisha kumwambia mke wangu.

Tulianza na wasifu, ambao ulihitaji marekebisho madogo. Baba yake Mheshimiwa alikuwa karani wa pamba, na makarani wa pamba hawafiki hata kumi jimbo zima. Kwa hiyo kandokando ya ziwa tuliandika kuwa Mheshimiwa ni mtoto wa mvuvi, Bugwema mtoto wa mkulima, Bunda mtoto wa mfugaji, na Buhemba mtoto wa mchimbaji mdogo. Mtu mmoja mkorofi akauliza mzee huyo alikuwa analala saa ngapi. Kamati ilimjibu kwa maandishi kwamba marehemu alikuwa mchapakazi.

Misimamo nayo tuliiweka sawa. Kuhusu maji, Mheshimiwa anayaunga mkono. Kuhusu barabara, anaamini inapaswa kuanza mahali fulani na kuendelea. Tembo wanaovamia mashamba ya Bunda anawalaani vikali, huku akitambua mchango wao kwa taifa. Suala la viboko bado liko kwenye mchakato, kwa kuwa Mwalimu Kasmiri ana hoja binafsi: kiboko mmoja alimmalizia bustani yote ya mchicha na hajaomba radhi. Kuhusu dagaa, Mheshimiwa anawapenda.

Baada ya hapo tulimtuma Gody, dereva wa gari letu la matangazo, azunguke vijijini kuuliza kwa nini wananchi walimnyima Mheshimiwa kura. Alirudi ofisini kwetu Iringo, nyuma ya duka la misumari, akiwa na daftari limejaa.

"Wote wanasema kitu kimoja, Katibu," alisema. "Hakujaga msibani."

"Maji hawakuyataja?"

"Waliyataja, ila baada ya misiba."

"Na barabara?"

"Barabara wanaitajaga wakikumbuka vile gari ya maiti ilikwama."

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Mwalimu Kasmiri alisoma daftari lile, akavua miwani, akasema maneno ambayo nayaheshimu mpaka leo. "Kama hakwenda wakati ule, basi aende sasa."

"Walishazikwa, Mwalimu," nilisema.

"Kuzikwa ni suala la marehemu. Pole ni suala la mfiwa. Hizi ni idara mbili tofauti."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Kurejesha Pole. Nilibuni fomu mwenyewe: jina la marehemu, tarehe ya kufariki, na sababu ya Mheshimiwa kutofika. Ili kurahisisha, sababu zilikuwa zimekwisha kuchapwa, unaweka tiki tu: kikao, safari, au mtandao. Mheshimiwa alishonewa suti nyeusi, na Gody akaweka nyimbo za maombolezo kwenye spika.

Tulifungua mpango Bunda, nyumbani kwa Bwana Kwangu, aliyefiwa na mke mwaka 2018. Tulikuta turubai limefungwa, watu wamejaa, na sufuria ziko jikoni. Tulifurahi kuona maandalizi ni makubwa. Gody akaongeza sauti, Mheshimiwa akashuka na leso usoni, akamkumbatia Bwana Kwangu na kulia, "Pole kaka! Pole sana! Mwanamke kama yule hutampata tena!"

Bwana Kwangu alikuwa amevaa koti jeupe na ua kifuani. Pembeni yake alisimama dada mmoja, Marieta, mwenye shela.

"Kwangu," Marieta aliuliza, "huyu anamlilia nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako si ndio mimi?"

Tulikula pilau kidogo kwa ajili ya ushirikiano, tukaondoka kabla ya keki. Kwenye fomu niliandika kuwa mfiwa ameonyesha dalili nzuri za kufarijika.

Buhemba kulikuwa na changamoto ya takwimu. Mzee Prosper, ambaye daftari la Gody lilionyesha alifariki 2019, alitufungulia mlango mwenyewe akiwa na mswaki mdomoni. Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kulia na haikuwa rahisi kumsimamisha. Mzee alisikiliza wasifu wake hadi mwisho, akasahihisha idadi ya wajukuu, kisha akauliza, "Sasa hii pole nyie mnaiacha au mnaenda nayo?" Mwalimu Kasmiri alifikiri kidogo, akaamua iachwe kama pole ya akiba. Mzee alitia sahihi kuipokea.

Ijumaa tukafika Bugwema, kituo kikubwa kuliko vyote. Hapo anaishi Mama Yuliana, mjane wa marehemu Samwel, na marehemu Samwel ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni ya Mheshimiwa mwaka 2010. Alitembea kwa baiskeli vijiji vyote vya jimbo hili akimnadi rafiki yake. Alifariki 2017. Mama Yuliana mwenyewe ni mjumbe, na neno lake likitoka asubuhi, mchana limeshafika Buhemba. Tulijua kabisa kwamba tukimpata yeye, Jumatatu tumeshinda.

Mheshimiwa alimlilia kwa dakika mbili kamili, gari likiunguruma.

"Nimepokea, shemeji," Mama Yuliana alisema. "Sasa gari izimwe."

"Shemeji, tuna ratiba."

"Ratiba ya msiba naiweka mimi. Umekuja kulia ama umekuja kusaini?"

Kwa kweli tulikuwa tumekuja kusaini. Lakini kabla sijalifafanua hilo, akina mama walianza kuingia uani na masufuria, na wazee na viti vyao. Nilihesabu wajumbe thelathini na wawili.

"Marehemu alikuitaga mdogo wake," Mama Yuliana aliendelea. "Mdogo wa marehemu haondokagi siku ya kwanza. Anakaa hapa mpaka tanga lianuliwe. Siku tatu. Ukikaa, wajumbe wa Bugwema watakuona. Ukiondoka, watakuona pia."

Mheshimiwa alinitazama, nami nikawatazama wale thelathini na wawili. Gody akazima gari.

Basi Mbunge Mstaafu akakaa matanga ya mtu aliyezikwa miaka minane iliyopita. Alipasua kuni akiwa na suti. Alikula ugali wa muhogo na dagaa, na msimamo wake kuhusu dagaa ukalegea kufikia mlo wa nne. Alitumwa maji kisimani, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, ndoo kichwani, kwa kuwa kwa mila yao anayechelewa msibani ndiye anayechota. Aliporudi na ndoo ya tatu aliniambia, akihema, kwamba suala la maji lina undani ambao bungeni haukuwahi kujitokeza. Niliandika.

Jumapili mchana, tulipokuwa tumekaa wote uani, Mheshimiwa aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu. Aliuliza Samwel alikufa vipi.

"Alishikwa na tumbo," Mama Yuliana alisema. "Tukamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe tumpeleke barabarani, gari hakuna. Akasema, nipeni simu nimpigie mdogo wangu, hawezi kukosa gari ya kuniletea. Akakupigia mara nne. Ile ya nne niliishika mimi simu, maana mkono wake ulikuwa umechoka. Ikawa inaita tu."

Niliichungulia fomu ya marehemu. Tiki yangu kwenye fomu ilikuwa imeshawekwa tangu Ijumaa, kwenye kikao.

"Shemeji," Mheshimiwa alisema kwa sauti ndogo, "mwaka ule sikuwa mbunge. Nilikuwa mtu wa kawaida tu, namba nisizozijua nilikuwa sipokei. Ningekuwa mbunge, Mungu ni shahidi, ningepokea hata kama nimesimama bungeni nachangia bajeti."

Watu waliitikia "mmh", kila mmoja kwa namna yake. Mama Yuliana alitengeneza kanga yake. Kisha akageukia upande wetu.

"Mwalimu, hii mpango yenu ya kurudisha vitu vya nyuma ni ya pole tu?"

Mwalimu Kasmiri hajawahi kuulizwa swali la kitaalamu akakaa kimya. "Hapana, mama. Ni kanuni pana. Jambo lolote ambalo halikufanyika wakati wake linaweza kufanyika leo na likahesabika kuwa lilifanyika wakati ule."

"Mnaweza kuniandikia?"

Tuliandika papo hapo, kwa fahari. Mwalimu alitoa wino na mimi nikagonga muhuri mara mbili, mmoja wa kawaida na mmoja wa msisitizo. Mama Yuliana akaikunja barua, akaanua tanga, akatuaga kwa heshima zote. Njiani Mheshimiwa aliniambia nianze kutafuta viatu vya kuendea Dodoma.

Jumatatu, ukumbi wa mkutano ulijaa mpaka madirishani. Wajumbe walipiga kura kwa utulivu wa ajabu. Msimamizi wa uchaguzi, kijana mkavu kutoka makao makuu ya chama aliyekuwa hamjui mtu yeyote, akasimama na karatasi.

"Benedikta, mwalimu wa shule ya msingi, kura mia tatu na moja. Pastory Luhende, kura tatu."

Moja ilikuwa yangu na nyingine ya Mwalimu Kasmiri. Ya tatu Kamati inaendelea kuichunguza.

Mheshimiwa alisimama. "Shemeji Yuliana! Nimekaa msibani siku tatu! Mabega haya yamechubuka kwa ndoo! Mlisema mtaniona!"

"Tumekuona, shemeji," Mama Yuliana alijibu kutoka safu ya mbele. "Na kura tumekupa. Tumekupa nyingi sana."

Alikwenda mezani na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi mia tatu na moja, kila moja imeandikwa kwa mkono: PASTORY LUHENDE, NDIYO, UCHAGUZI WA 2015. Juu yake kulikuwa na barua yetu.

"Mwaka ule tulimnyima," alieleza. "Imetuuma. Kwa hiyo leo tumemrudishia zote. Zihesabike ni za wakati ule."

Msimamizi aliisoma barua mara mbili, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliniuliza kama muhuri ni wetu. Nilimwambia ni wetu, miwili. Akamuuliza Mwalimu Kasmiri kama kanuni hiyo bado inatumika, na Mwalimu, ambaye hawezi kukana maandishi yake hata akiwa anazama, akasema inatumika kikamilifu.

"Basi kiutaratibu sina pingamizi," msimamizi alisema. "Ndugu Pastory Luhende ametangazwa mshindi wa mwaka 2015."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wazee walimshika mkono, akina mama walimvisha kanga, na Mheshimiwa, kwa mazoea tu, akajikuta anapunga mkono na kutabasamu kwa umma. Hata mimi nilipiga makofi, na sikujua niachie wapi.

Mama Yuliana alisubiri kelele zitulie. Hakuwa anacheka.

"Hongera, mbunge wetu," alisema. "Kwa hiyo 2017, Samwel alivyokuwa kwenye mkokoteni anakupigia, ulikuwa mbunge. Na jana ulisema mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote, ungekuwa mbunge ungepokea. Sasa simama hapo, utuambie kwa nini hukupokea."

Watu waliokuwa madirishani waliinama ndani ili wasikie vizuri. Mwalimu Kasmiri alinong'ona, "Sema mtandao," lakini simu ilikuwa imeita, na kila mtu mle ndani alijua kwamba iliita. Jasho lilimtiririka Mheshimiwa mpaka kwenye kanga. Alinigeukia mimi, Katibu wake, nami nikaangalia viatu vyangu.

"Naomba," alisema mwishowe, "naomba nipewe muda."

Msimamizi alitazama karatasi zake, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

"Muda wako uliisha 2020," alisema.