Mashine Inasema Nina Miaka Tisa

Jumatatu, 9 Juni

Wezi! Wezi wa mchana kweupe, na tabasamu lao la kwenye matangazo!

Asubuhi nimefungua chumba changu cha gemu kama kawaida. Nimefuta vumbi, nimepanga viti, nimewasha mashine. Sasisho. Sikuomba sasisho. Sijawahi kukutana na binadamu aliyeomba sasisho. Kiduara kikazunguka mpaka nikasinzia, kisha kioo kikatangaza kwamba wameboresha huduma kwa ajili yangu, na kwamba kuanzia leo watoto hawachezi bila idhini ya mzazi au mlezi.

Sawa, nikasema, watoto wapewe idhini. Nikabonyeza kuendelea. Haikuendelea. Kumbe mtoto ni mimi! Eti nina miaka tisa! Mimi, mwenye ndevu hizi, na mgongo unaolia nikiinama kuokota waya!

Najua ilivyokuwa, na sijutii. Siku ya kujiandikisha waliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Ya nini? Walikuwa wananiokea keki? Nikawapa mwaka wowote uliotua chini ya kidole. Kampuni isiyosema inazipeleka wapi habari zangu haistahili kujua hata saizi ya kiatu changu.

Balaa ni Jumamosi. Ni fainali ya ligi ya mtaa, mpira wa kwenye mashine, mimi na Kinyozi wa mlango wa pili. Chumba ni cha Shangazi. Amesema fainali ikienda vizuri, chumba kinabaki kwangu. Ikivurugika, anampa binamu yangu, fundi cherehani, ambaye ameshapita na futi yake kupima ukuta bila hata kunisalimia.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Nimemwaga nyongo yote: ubora wa pedi zao za kuchezea zinazokufa vitufe kabla ya sanduku kuchakaa, gemu wanazotuuzia nusu halafu nusu nyingine wanatuuzia tena, na waya wao wa chaji usioingia kwenye kifaa kingine chochote duniani.

Akajibu roboti. Akaniita rafiki mdogo. Akanitumia picha ya dubu anayepunga mkono. Nikamwambia nataka kuzungumza na mtu mzima. Akasema hilo ni wazo zuri sana, nikamwite mtu mzima aliye karibu nami.

Nimetupa simu kitandani. Nilitaka kuitupa ukutani, lakini ni simu.

Baadaye roboti akaeleza kwamba naweza kutuma kitambulisho, nao wasahihishe umri siku hiyohiyo. Kitambulisho changu? Wakione hao? Ng'o! Au basi nijipige picha, mashine yenyewe ikadirie umri kwa kutazama uso. Hiyo nimeikubali. Uso wangu unajieleza.

Jumatano, 11 Juni

Kinyozi kaniharibia maisha.

Alikuja akijifanya ana huruma. Akasema kamera hizi hazipendi uso uliovurugika, niingie dukani kwake anitengeneze kidogo, bure, kwa ujirani mwema. Nilipaswa kushtuka. Mtu huyu hajawahi kumpa mtu bure hata kioo ajitazame. Lakini nikakaa, nikafunga macho, na kiti chake ni kizuri, lazima nikubali.

Nilipofungua macho ndevu zilikuwa sakafuni. Masharubu pia! Na poda juu yake!

Nikapiga picha. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikasema miaka kumi na miwili. Kwa mtazamo mmoja ni maendeleo: nimekua miaka mitatu tangu Jumatatu. Kinyozi amecheka mpaka akashika ukuta. Jioni nikaona amebandika picha yangu mlangoni kwake, na maneno chini yake kwamba hapa tunarudisha ujana, hata mashine zimethibitisha. Ana wateja foleni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemeza mate, nimekwenda kwa Shangazi.

Nimemweleza kwamba kampuni inatafuta mtu wa heshima wa kuwa mlezi wa akaunti, jambo dogo tu, kubonyeza mara moja kwenye simu yake. Nilisahau jambo moja. Shangazi ni matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Hata paka hakutoka kwenye lile bweni bila ruhusa yake.

Akavaa miwani. Akasoma masharti. Yote! Nadhani hata mwanasheria aliyeyaandika hakuyasoma yote. Kila aya nikiinuka, ananiambia niketi. Nikamwambia, Shangazi, watu hubonyeza tu pale chini. Akauliza kama ndivyo nilivyofanya mimi. Nikatazama dari.

Mwisho akabonyeza. Mashine ikafunguka! Nimerukaruka kama mwehu. Yeye akaendelea kubonyeza simu taratibu, akitabasamu, akaniuliza huwa nalala saa ngapi. Nikajibu nalala ninapotaka. Nikadhani ananijali tu, kama mashangazi wanavyojali.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Chumba kilijaa hadi dirishani. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwamuzi, seremala alileta benchi zake. Binamu alisimama mlangoni amenuna, futi shingoni. Kipindi cha pili, mimi mbili, Kinyozi moja. Kijasho kinamtoka! Nilikuwa nimebaki na kipa wake tu, cha tatu hiki hapa, mguu umeshainuliwa...

Giza. Kisha dubu. Yule yule dubu! Amevaa kofia ya kulalia! Akaandika kwa herufi kubwa, mbele ya mtaa mzima, kwamba ni saa moja jioni, muda wangu wa kucheza umekwisha, ninawe miguu nikalale.

Vicheko vilivyotoka sitavisahau. Kinyozi aliwaalika wote kwake wakamalizie mechi kwenye mashine yake, na wote wakaenda. Mwamuzi naye! Seremala akabeba benchi zake.

Nikakimbilia uani. Shangazi alikuwa anapiga pasi. Akasema masharti yanasema mlezi anaweza kuongeza muda, mtoto akiomba kwa adabu. Alikuwa ameshashika simu. Alikuwa tayari kabisa kuongeza. Lakini damu ilinichemka. Nikapiga kelele. Nikaiita kampuni wezi, roboti mwizi, Kinyozi mwizi, halafu, Mungu anisamehe, mdomo ukateleza ukamjumuisha na yeye.

Akazima pasi. Akanyoosha mkono apewe funguo. Akasema mtu anayehitaji ruhusa yake kuwasha gemu hajafikia umri wa kushika funguo za chumba chake.

Nimezitoa.

Jumapili, 15 Juni

Binamu ameshahamia. Nasikia cherehani kupitia ukuta, trrr, trrr, kwenye chumba changu mwenyewe. Inauma. Mashine yangu iko juu ya kabati la nguo.

Mchana Shangazi alituma ujumbe. Anasema binamu hashoni jioni. Niombe radhi, nitume kitambulisho umri usahihishwe, na jioni zote ni zangu. Ligi irudiwe.

Nimesoma ujumbe mara kadhaa. Niombe radhi? Baada ya dubu? Na kitambulisho juu yake? Wamezoea vya kunyonga hao!

Nimepata njia bora. Nimefungua akaunti mpya kabisa, isiyojulikana na Shangazi, isiyo na mlezi. Masharti nimebonyeza pale chini, sina siku ya kupoteza. Halafu, bila haya, wakaniuliza tena tarehe ya kuzaliwa! Nimecheka peke yangu. Hawajifunzi hawa watu.

Nimechagua mwaka wa juu kabisa kwenye orodha, wa kwanza kuonekana, sikuhangaika kushuka chini. Safari hii wamenoa.

Inapakia. Nasubiri. Naona kitu kama mkono wenye manyoya kinapunga.