Shawa ya Ghorofa ya Tano na Kosa la Mzee Preben

Villads Toft,
Ghorofa ya tano, mlango wa kulia,
Nørrebro, Kopenhagen.
Jumapili, 24 Mei

Kwako Ndugu Mwenyekiti Gunvor, na bodi yako yote ya jengo letu,

YAH: SHAWA INAYOLIA BADALA YA KUOGESHA

Salamu nyingi. Kwanza nijitambulishe vizuri, maana wengine mnanijua tu kama "yule mjukuu wa Bibi Ragnhild aliyeishia njiani shuleni". Mimi ndiye fundi hodari kuliko wote kati ya hapa na Uswidi, na huko Uswidi kwenyewe sijasikia wa kunishinda. Nikiwa na miaka tisa nilitengeneza breki za baiskeli ya bibi kwa uma wa kulia keki, na bibi yu hai mpaka leo. Sasa nina kumi na saba. Ile Jumamosi ya mwisho ya Aprili, siku yetu ya kazi za pamoja, ninyi mkiwa uani watu kumi mnafagia majani mawili na kugeuza soseji, nani alishuka peke yake kwenye chumba cha chini kupaka mabomba rangi? Yalikuwa ya kijivu kama uso wa mtu mwezi Januari. Leo ni mekundu yanang'aa, mbele na nyuma, mpaka mikono ya koki. Na kile kibao nilichotundika, RANGI MBICHI, USIGUSE, bado kinaning'inia palepale, na hajatokea mtu wa kukikaidi. Hiyo ndiyo heshima ya mwandiko wangu.

Sasa malalamiko. Nimeyapa namba ili bodi isipotee njia.

1. Maji yenyewe. Jengo letu lilijengwa kabla watu hawajawaza habari za kuoga, ndiyo maana shawa imebanwa juu ya choo, na ukijiogesha unakiogesha na choo pamoja na karatasi yake. Hilo silalamikii, tumezaliwa nalo. Ninacholalamikia ni kwamba tangu mwisho wa Aprili maji hayatoshi hata kukilowesha hicho choo. Yanatoka kama mzee anayesimulia kisa alichokisahau: tone, kimya, tone, "nilikuwa nasemaje?", tone. Nilijipaka sabuni siku ya Jumatatu. Jumatano povu lilikuwa bado sikioni.

2. Nywele za bibi. Jumamosi ijayo bibi anatimiza miaka themanini. Bendera ndogo za mezani za siku ya kuzaliwa zimeshatoka kabatini, wageni wameshaalikwa, na yeye anataka nywele zioshwe zioshike. Mimi, kwa utaalamu wangu, nikajua ni chokaa. Maji ya mji huu yana chokaa hata birika la chai unaweza kuandikia ubaoni. Dawa yake kila mtu anaijua: unakifunga kichwa cha shawa ndani ya mfuko wa siki, unakiacha mpaka asubuhi. Siki nyeupe ilikuwa imeisha, nikatumia ile iliyolowekewa bitiruti mtungini. Chokaa ilitoka, sikatai. Ila na bitiruti ziliingia. Nywele za bibi, nyeupe kama theluji miaka yote hii, zikatoka waridi. Alijitazama kwenye kioo, akaniita taratibu. "Villads, nimezeeka, sijawa keki." Lawama hii naipeleka kwa bodi, kwa sababu presha ya maji ingekuwepo bitiruti ingesuuzika.

3. Kile kidude. Baada ya hapo nilikifungua kichwa cha shawa na kutoa kile kidude cha plastiki kinachobana maji yasitumike ovyo. Hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo nimethibitisha kisayansi kwamba kwetu hakuna ubovu wowote na ubovu wote uko kwa watu wengine.

4. Watu wengine. Asger wa ghorofa ya tatu, yule mwanafunzi mwenye ndevu za kujaribia, huoga akiimba beti zote mpaka kiitikio cha mwisho. Nilimpigia kelele ngazini: "Asger! Imba kifupi, wengine tunasubiri maji!" Akanijibu kwa sauti ileile ya kuimbia: "Maji gani, we Villads? Na mimi yananidondokea tu!" Bodi izingatie kwamba hapo amekiri kwa mdomo wake kuwa yanamdondokea, yaani anayapata.

Kwa hiyo napendekeza kila mkazi atangaze ngazini kabla ya kufungua bomba. Wa chini kabisa wasioge nyumbani, wakajitose bandarini kama wanavyojisifu kila Julai. Na kama hilo ni gumu, basi ghorofa ya tano iitwe ya kwanza na ya kwanza iitwe ya tano. Msinicheke. Katika jengo hili kila kitu hutii kibao: baiskeli zinatii, takataka zinatii, mbwa wa Asger anatii. Sioni kwa nini maji yawe na kiburi. Kibao kipya nimeshakiandika.

5. Mzee Preben. Hili ndilo zito, nimeliacha mwisho kwa makusudi.

Mzee Preben ni mtunzaji wa jengo hili kwa miaka thelathini na moja, na kwa wiki nne sasa anautafuta ubovu wa maji. Anapanda na kushuka na tochi yake, anaweka sikio ukutani kama daktari, anagonga bomba kwa bisibisi, anatikisa kichwa. Juzi nilimkuta mlangoni kwetu amekaa kwenye ngazi anahema. "Juu hakuna kitu," akasema. "Katikati hakuna kitu." Nikamwambia, "Basi ubovu uko wapi, mzee wangu, Norwei?" Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Nasikia kwenye mkutano mkuu wa Alhamisi, ajenda namba sita, mtapiga kura kama aachishwe na kazi ipewe kampuni, na kile chumba anachoishi, chenye miche ya nyanya dirishani, kirudi kwenye orodha ya wanaongoja nyumba. Mimi naunga mkono kwa mikono yote miwili. Mtu asiyeona maji ndani ya nyumba iliyojaa mabomba, ukimpeleka baharini ataona nini? Aende akapumzike na nyanya zake. Na funguo za chumba cha mabomba nipewe mimi, niliyeonyesha kwa brashi kwamba mabomba yananijua.

Nafunga hapa nisije nikaimaliza karatasi yote ya bibi. Nisalimieni wajumbe wa bodi, wale wanaosalimika na wasiosalimika, pamoja na yule anayelala mikutanoni. Asger nisalimieni pia, ila kwa kifupi.

Wenu mtiifu mwenye povu sikioni,

Villads Toft, fundi

Tanbihi: Barua hii bibi ameisoma kabla sijaifunga kwenye bahasha, kama anavyosoma barua zangu zote kuangalia herufi. Herufi zilikuwa sawa. Aliuliza kitu kimoja tu. "Hapo unasema ulipaka nyuma ya mikono ya koki. Uliufikiaje huo upande wa nyuma?"

Nikamwambia niliuzungusha mkono kidogo, brashi ipite.

"Na ukaurudisha?"

Nimeshuka sasa hivi. Nimekitoa kile kibao. Ule mkono wa koki kubwa ya upande wetu umesimama katikati, nusu umefunga nusu umefungua, umegandishwa na matabaka mawili ya rangi nzuri kweli. Nimeupiga kwa kisigino cha kiatu mara tatu, ukaachia. Juu nikasikia Asger amekata wimbo katikati na kupiga yowe. Kwetu, kwa kuwa kile kidude cha kubana nilishakitoa, kichwa cha shawa kimeruka kikagonga mlango, na bibi, aliyekuwa amefungua bomba akingoja, ameloa mpaka viatu. Nywele zinarudi kuwa nyeupe, upande mmoja.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza lifuteni, na la tatu, na la nne. La pili ni langu na bitiruti. Ajenda namba sita iondoeni kabisa, na msipoiondoa nitakuja Alhamisi nisimame mbele ya watu wote niseme, ingawa mnajua navyopenda kusimama mbele ya watu, hii sipendi. Nilitaka kuichana barua niandike nyingine fupi, bibi amekataa. Anasema niipeleke yote ilivyo, na Mzee Preben asome jinsi nilivyomsema.

Basi na hili alisome. Koki kila mtu anaweza kuisahau. Lakini mara mbili mwezi huu Mzee Preben alisimama na tochi yake mbele ya kibao changu, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu: "Villads, rangi yako imekauka? Naweza kugusa?" Mara zote mbili nilimjibu, "Bado kidogo, mzee." Rangi ilikauka siku ya pili. Nilipenda tu kuona mtu mzima ananiomba ruhusa.