Mawimbi Arobaini ya Mzee Mwandu

Siku wazungu watatu waliposimamisha gari Bariadi kuziba pancha, juu ya gari wamefunga mbao ndefu zilizochongoka mbele kama ulimi wa ng'ombe, mji mzima ulitazama mbao. Januarius peke yake alitazama mifuko ya wazungu.

Januarius alikuwa karani wa ushirika, kazi yake kupanga madaraja: pamba hii safi, pamba hii fifi. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakazoa hata pamba yenye mchanga, na mtu wa madaraja akabaki hana mtaji ila ulimi. Ulimi huo ulikuwa umemwahidi Philomena ndoa kwa miaka mitatu, na baba yake, Mzee Mihayo wa Sola, alitaka ng'ombe kumi, si maneno kumi.

Wazungu walikuwa wanakwenda ziwani, Lamadi, kusimama juu ya zile mbao ili wabebwe na mawimbi. Msomaji asiniulize kwa nini. Waliuliza ni lini maji yatakuwa mazuri, Januarius akaitazama mbingu kwa uchungu wa kitaalamu, akasema, "Alhamisi alfajiri." Alikisia tu. Ijumaa walirudi wamebabuka kwa jua, wanacheka, wakampa noti mbili za kigeni.

Jumamosi alikuwa kwa Mzee Mwandu, tajiri wa ng'ombe.

"Serikali inabinafsisha mawimbi ya ziwa," alinong'ona. "Viwanda vimekwenda, maduka yamekwenda. Yamebaki mawimbi, mzee, na watu wa Mwanza wameshasikia."

"Wimbi ni la kazi gani?"

"Mzungu analipa kulipanda. Analipa hata kuambiwa kama la kesho ni zuri. Tena simsemi bingwa, nasema mzungu wa kawaida. Huyo anataka la magotini mpaka kiunoni. La kupita kichwa litamuua, na marehemu halipi."

"Zuri unalijuaje?"

Hapo tapeli akawa mwalimu kweli, maana msimu mmoja alipima pamba Lamadi, na wakulima wasipokuja alikuwa akitazama maji. "Wimbi safi linakuja limeachana na mwenzake. Upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu, unalisimamisha. Mchana upepo unatoka ziwani, unalivuruga, linakuwa fifi. Mimi natazama upepo wa leo, nakutajia wimbi la kesho."

Mwandu alitafuna kijiti chake taratibu. "Ng'ombe mmoja, mawimbi mangapi?"

Januarius nusura acheke. Wakapatana manne. Mawimbi arobaini, daraja safi, kwa ng'ombe kumi, mbele ya mashahidi, na risiti yenye muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye kandambili.

"Sasa mimi Lamadi siendi," Mwandu alisema. "Mawimbi yangu utanifugia wewe. Maziwa kunywa wewe, ndiyo hizo hela za wazungu. Ndama ni wangu."

Januarius, mtoto wa mjini Tabora asiyewahi kufuga hata mbuzi, aliona baraka juu ya baraka. "Nimekubali, mzee," akasema, na mashahidi wakatazamana.

Ng'ombe wakafika Sola, Mihayo akawaingiza zizini, siku ya harusi ikapangwa. Philomena alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Januarius alipomwona hivyo akajisikia mtu mwema. Alimpenda kweli. Tapeli naye ana moyo.

Siku tatu kabla ya harusi, Mwandu aliingia uani kwa Mihayo na mashahidi wake wote, pamoja na mwanawe Salu.

"Mwadila," aliwaamkia, akaketi. "Nimekuja kukagua mifugo. Mawimbi yangu yamezaa ndama wangapi?"

Januarius aliitazama mbingu. "Mzee, upepo umekuwa mbaya. Yalifika ufukweni yakafa. Yote."

"Pole sana. Ngozi ziko wapi?"

Usukumani, ng'ombe uliyekabidhiwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Huna ngozi, basi umemla au umemuuza, na utalipa. Kila aliyekuwa pale aliijua sheria hiyo tangu anyonye, isipokuwa mmoja.

"Mzee, wimbi halina ngozi."

"Ungeniambia kabla hujakubali kufuga. Mimi najua ng'ombe. Mtaalamu wa mawimbi ni wewe."

Januarius aliutafuta mzaha usoni mwa mzee yule, asiuone. Akamgeukia baba mkwe.

"Hana ngozi, alipe," alisema Mihayo kwa huzuni. "Hata angekuwa wa kumzaa mwenyewe."

Basi ng'ombe kumi wakawa wa Mwandu tena, bila kunyanyua kwato. "Wamechoka kutembea," alisema Mwandu, "na huyu Salu hana mke."

Mihayo akamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni na sinia ya chai. "Wewe unasemaje, Philomena?"

"Salu nimemkataa mara mbili kwa ajili ya mtu huyu." Akaiweka sinia chini. "Ya tatu sina sababu."

Januarius akainuka aende zake, Mihayo akamshika mkono kwa upole.

"Kaa, mwanangu. Mahari inataka shahidi, na wewe ndiye uliyewaswaga mpaka hapa. Unajua walifika kumi."

Januarius akakaa. Ng'ombe wakaanza kutolewa zizini mmoja mmoja, naye akawahesabu kwa sauti.