Vita vya Mshika Waya Nyuma ya Runinga

Sogeeni, enyi wenye masikio, na zile simu zenu zilazeni kifudifudi zisije zikaona wivu, nipate kuwasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni, baina ya kabati na ukuta, vita ambavyo hakikumwagika kitu ila chai. Ninamwimba fundi rangi wa mtaa wetu, simba wa ngazi, bingwa wa brashi, mwenye kucha zilizobeba rangi za nyumba za watu wote isipokuwa yake, aliyeitwa Mshika Waya hata mama yake mzazi akalisahau jina alilompa.

Na jina hilo hakuliokota njiani. Hapo kale, runinga ilipokuwa sanduku la mbao lenye milango na kufuli, nalo likikaa kwa Bibi, mama wa shujaa wetu, peke yake katika mtaa mzima, watu walimiminika kwake kama jeshi lililopigiwa baragumu: wenye bahati sakafuni, wenye shingo ndefu madirishani. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, ila Bibi alibandika mbele yake karatasi ya nailoni, juu buluu na chini kijani, ndiyo maana kila msoma habari wa zama zile alikuwa na paji la buluu na kidevu cha majani, na hakuna aliyelalamika.

Lakini sanduku lile lilikuwa na kiburi. Halikutoa picha mpaka mtu asimame nyuma yake, aushike waya wa antena, asitikisike. Akishika jirani, chenga tupu. Akishika dada mtu, chenga tupu. Akishika yeye, peupe! Basi akawa nguzo. Mtaa ulicheka, mtaa ulilia, mtaa ulishangilia mabao. Naye kwa miaka yote ile aliona nyuso za watazamaji tu, akajua bao limeingia kwa jinsi vinywa vilivyopanuka.

Zama zikapita. Sanduku likapisha runinga ya rangi yenye chogo refu, chogo nalo likakatwa, ikabaki runinga nyembamba kama ubao wa mlango; kisha hiyo ikazaa vijiruninga vya mfukoni, kila mtu chake, hata watu wa nyumba moja wakawa wanacheka kila mmoja kwa wakati wake, na kumuuliza mwenzio “unacheka nini?” ikawa utovu wa adabu. Mshika Waya akastaafu bila hata kuagwa.

Ndipo ikawadia Jumapili ile. Dada yake, kitinda mimba wa Bibi, aliyeanza kupuliza filimbi katika viwanja vya vumbi, wanaume wakimwambia arudi jikoni naye akiwaonyesha kadi, alikuwa ameteuliwa kushika kibendera katika fainali, mbele ya nchi nzima.

“Bibi, njoo umwone Shangazi kwenye simu yangu,” akasema mjukuu mkubwa.

“Simu?” Bibi akanena, naye ni mwenye macho yaliyochoka lakini si ulimi. “Mtoto nilimzaa mzima, akaniachia kiuno hiki. Leo nimtazame mdogo kama kunguni? Washeni runinga ya kabatini!”

Na simu zenyewe zikamtetea, kwa kuwa mtaa mzima ulizifungua kwa pamoja, mtandao ukakabwa koo, na kila kijiruninga kikabaki kinazungusha kiduara chake. Majirani wakakumbuka njia ya zamani. Wakaja, wakakaa sakafuni, wakajaa madirishani. Na mbele kabisa, kitini, ameoga, amevaa shati lisilo na doa, aliketi Mshika Waya, kwa mara ya kwanza upande wa mbele wa runinga.

Filimbi ikalia. Picha ikakatikakatika vipande kama sahani iliyoanguka, kisha ikatoweka. Wakaipeleka antena dirishani, wapi. Wakaipandisha juu ya friji, wakaivisha mfuniko wa sufuria, wapi. Macho yote yakageukia kiti cha mbele.

“Mama,” akasema, “leo nimevaa shati.”

“Nimeliona, baba. Linapendeza. Nenda.”

Akainuka, akahutubia: “Enyi majirani! Mabao yenu yote yalipita mikononi mwangu, wala mimi sikuonja hata moja! Leo anayekimbia pale ni damu yangu, nami nilitamani niketi kama watu...”

“Maneno mazito hayo, kaka,” akadakia muuza mkaa, “lakini yaseme ukiwa umeshika!”

Akaishusha antena toka juu ya friji, akajipenyeza nayo nyuma ya kabati, akaishika. Peupe!

“Huyo! Huyo!” sebule ikalipuka.

“Anafanya nini?”

“Anakimbia!”

“Anakimbiaje?”

“Kama anakufukuza wewe!”

Akanyoosha shingo achungulie; picha ikavunjika vipande.

“Tulia, nguzo!”

Akatulia. Akatazama vinywa vyao vikipanuka na kufumba, naye akafumba cha kwake. Bibi, aliyekuwa akimfuata binti yake kwa kidole, aliuona uso wa mwanawe juu ya runinga, kidole kikashuka.

“Jamani, na huyu je?”

Ndipo mkewe, msusi, malkia wa kitana, akatoka kimya kwenda saluni yake ya mlango wa pili, akarudi amekumbatia kioo kirefu, mteja akimfuata huku nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama jogoo aliyetukanwa. Akasimama nyuma ya watu wote, akakiinua.

“Tazama, mume wangu. Na usitikisike.”

Akaona! Juu ya vichwa vya mtaa mzima, ndani ya kioo, aliziona nyasi, akamwona dada yake akiruka kiubavuubavu pembezoni mwa mstari, mdomo ameubana vilevile kama utotoni akinyimwa zamu. Mpira ukapenya, bao likafungwa, uwanja ukanguruma. Na kibendera kikapaa.

“Siyo! Siyo!” mtaa ukapiga kelele. “Hajaotea!”

“Ameotea!” akanguruma Mshika Waya, machozi yakimtiririka na mkono hautikisiki. “Na dada yangu kainua mkono wa kushoto!”

“Wa kulia, bwana!”

“Wa kushoto! Nimeona kwa macho yangu!”

Marudio yakaonyesha kuwa kweli ameotea, Bibi akamwaga chai kwa furaha, na hilo lilikwisha. La mkono, lililogeuzwa na kioo, halijaisha hadi leo, linabishaniwa dukani, saluni na kisimani. Lakini na iandikwe, isomwe na watakaozaliwa: siku ile, nyuma ya kabati, mtu aliyewaonyesha wengine runinga maisha yake yote alisema “nimeona kwa macho yangu”, na hakukuwa na wa kumkatalia.